Miwani Iliyobaki Sekei

Mwaka 2022 babu yangu alifanyiwa upasuaji wa kansa ya utumbo mpana akiwa na miaka 78. Mimi ndiye niliyefunga mkoba wake wa hospitali. Niliweka shuka mbili, kandambili, kikombe cha bati, sabuni, chupa ya chai na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Miwani niliitoa. Shangazi alisema wodini vitu vinapotea, na miwani ile ilinunuliwa kwa bei ya mbuzi mzima. Nikaiacha juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwetu Sekei, nikaona nimefanya la maana. Mtu anayekwenda kulazwa kwa nusukaputi ana haja gani ya miwani?

Usiku wa pili baada ya upasuaji, babu aliamka asitujue.

Ilikuwa kama saa saba. Kwanza alichezea shuka kwa vidole, kama mtu anayechambua mchicha. Kisha akataka kuchomoa dripu. Akaniuliza kwa Kimeru ni nani amefunga zizi. Nilipomwambia, "Babu, uko hospitali," alinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Akaanza kupaza sauti: nyumba inaungua, ndama wako ndani, askari wako njiani.

Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Alikuja mbio, akaona mpira wa mkojo unavutwa na damu imeanza kuonekana. Akaniambia nimshike. Nilimshika babu mikono, naye akaifunga kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Babu alizidi kupiga kelele. Mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikatoa daftari, nikaanza kuandika kila alichosema.

Nieleze kwa nini. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu kesi ya ardhi ya Wameru. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ili eneo hilo ligawanywe kuwa mashamba 13 ya mifugo ya walowezi. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa moto, wakaelekezwa Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kila mtoto wa Meru amelisikia jina hilo.

Babu alikuwa Engare Nanyuki siku zile, mtoto wa miaka saba. Tangu nianze tasnifu nilimwomba anisimulie, na kila mara alinijibu, "Mama, hayo yalishapita," akabadilisha mazungumzo. Sasa alikuwa anasimulia bila kuombwa. Niliandika kurasa 11. Nilijiambia kwamba dawa imefungua mlango ambao mimi nilishindwa kuufungua.

Asubuhi ndugu walifika, na kila mmoja aliyasikia maneno ya babu kwa sikio lake. Baba mdogo alisikia laana: kuna shamba la familia lililouzwa bila baraka ya wazee, na sasa wazee wanadai. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa alisikia pepo, akaomba kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakaitikia amina. Shangazi alinong'ona neno ambalo Mtanzania yeyote analielewa bila kufafanuliwa: Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa karibu karne nzima jina lake limekuwa njia ya mkato ya kusema kwamba mtu ameharibikiwa akili. Mimi, msomi wa familia, nilisikia nyaraka. Wote wanne tulikuwa tumekosea kwa namna moja. Tulisikiliza maneno, hatukutazama kitanda.

Daktari wa zamu alitumia dakika chache tu. Alisema hali hiyo ni ya kawaida kwa wazee baada ya upasuaji mkubwa, kwamba si wazimu, na mara nyingi hupungua chanzo chake kikishughulikiwa. Akauliza maswali ambayo sikuyatarajia. Mzee anasikia vizuri? Anavaa miwani? Nyumbani alikuwa anasahausahau? Anakunywa pombe? Kuna vidonge anavyotumia ambavyo havikuandikwa kwenye faili? Mara ya mwisho kunywa maji kabla ya upasuaji ilikuwa lini?

Maswali yale yalinikaa kichwani. Babu aliporudi nyumbani nilifanya ninachojua kufanya: nilitafuta historia yake.

Hali hii ni kongwe kuliko hospitali. Maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Hipokrati, yenye zaidi ya miaka 2,000, yanataja wagonjwa wenye homa kali ambao mikono yao huchezea nguo za kitanda na kuokota vitu visivyokuwepo. Niliposoma hapo nilikumbuka vidole vya babu kwenye shuka. Celsus, aliyeandika kuhusu tiba huko Roma katika karne ya kwanza, alitumia neno la Kilatini ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, na asili yake ni ya shambani: jembe la kukokotwa na ng'ombe linapoacha mstari wake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza kwa jina la sirsamu, ugonjwa wa joto la kichwa. Sisi kwa Kiswahili tunasema kuweweseka. Ni neno zuri, kwa sababu tunalitumia pia kwa anayeongea usingizini, na hatumwiti aongeaye usingizini mwendawazimu.

Huku kwetu Afrika Mashariki upasuaji nao haukuja na meli. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mwanamke akipasuliwa tumbo kutolewa mtoto. Waganga walimpa mama yule pombe ya ndizi hadi akalegea, wakanawa mikono na kuosha tumbo kwa pombe hiyohiyo. Kidonda kilifungwa kwa misumari ya chuma iliyong'arishwa, na mama alipona. Felkin alichapisha habari hizo Edinburgh mwaka 1884. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba watu wa nchi hizi walijua jambo la msingi: ili kuupasua mwili, lazima kwanza fahamu ipunguzwe. Ambalo halikuwa rahisi kujua, huku wala Ulaya, ni kwa nini kwa baadhi ya watu fahamu hiyo huchelewa kurudi mahali pake.

Nusukaputi ya kwanza iliyotangazwa sana ilifanyika Boston, Oktoba 1846, kwa etha. Mwaka uliofuata ikaja klorofomu, Edinburgh. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kuweweseka baada ya upasuaji ni kosa la dawa hizi. George Savage, daktari wa magonjwa ya akili wa London, aliandika hivyo mwaka 1887, akieleza wagonjwa waliochanganyikiwa baada ya kupewa dawa za kulaza. Lakini kabla ya etha kujulikana, mpasuaji Guillaume Dupuytren wa Paris alikuwa ameshaeleza wagonjwa waliopasuliwa wakiwa macho, hawana homa, na bado siku chache baadaye wakaanza kupayuka na kung'oa bandeji zao. Hawa hawakuvuta klorofomu. Ina maana kisu peke yake kilitosha, au maumivu, au kukosa usingizi, au vyote pamoja.

Mwaka 1955 P. D. Bedford, daktari wa wazee huko Oxford, alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya: aliwasikiliza ndugu. Walikuwa wakimjia na kumwambia kwamba mzee wao hajawa yule wa zamani tangu apasuliwe. Alifuatilia watu 1,193 wenye zaidi ya miaka 50 waliowahi kulazwa kwa nusukaputi, akakuta 18 ambao akili zao ziliharibika vibaya. Ushauri wake ulikuwa mkali: mzee asipasuliwe ila pale ambapo hakuna shaka kwamba inabidi.

Ushauri huo haumsaidii mwenye kansa. Babu hakuwa na hiari. Utumbo ulikuwa unakaribia kuziba. Hapa ndipo wazee wenye saratani wanapobanwa kuliko wengine: hawawezi kuukwepa upasuaji, na wanafika kwenye kisu wakiwa wameshadhoofika. Uzito umepungua, damu imepungua, chakula hakishuki, na wengi nchini kwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Upasuaji wenyewe ni mkubwa na huchukua saa nyingi. Baada yake kuna maumivu makali, ambayo yenyewe huvuruga akili, na kuna morfini ya kuyatuliza, ambayo nayo inaweza kuivuruga. Daktari anatembea katikati ya hayo mawili.

Mabadiliko yaliyonigusa zaidi yalikuja pale watafiti walipoacha kutafuta mkosaji mmoja. Mwaka 1990 Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walichapisha kipimo kifupi cha kuitambua hali hii kando ya kitanda: je, imeanza ghafla na inapanda na kushuka? Mgonjwa anashindwa kutulia kwenye jambo moja? Maneno yake yamevurugika, au uchangamfu wake si wa kawaida? Kipimo hiki kiliwasaidia pia wale wasiopiga kelele. Wapo wazee wanaoweweseka kimyakimya, wamelala wametazama ukuta, na wodi nzima husema mzee huyu ametulia, hana usumbufu. Nilikumbuka mzee wa kitanda cha pili kutoka kwa babu, aliyelala siku mbili bila kugeuka. Tulimsifu.

Mwaka 1993 Inouye alionyesha, kwa wagonjwa waliolazwa bila upasuaji, mambo manne yanayomweka mzee hatarini tangu siku anayoingia hospitali: macho yasiyoona vizuri, ugonjwa mkali, kumbukumbu iliyoanza kupungua, na dalili za kukaukiwa maji kwenye vipimo vya damu. Mwaka 1994 Edward Marcantonio wa Boston alichapisha utafiti wa watu 1,341 waliofanyiwa upasuaji uliopangwa. Kati ya kila 100, kama 9 waliweweseka. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye miaka 70 na kuendelea, wanywaji wa pombe kupita kiasi, wenye kumbukumbu dhaifu, wasiojimudu mwilini, na wale ambao chumvi au sukari ya damu haikuwa sawa. Mwaka 1996 Inouye akaongeza yale yanayoichochea hali hii mgonjwa akiwa wodini: kufungwa kitandani, utapiamlo, kuongezewa dawa zaidi ya tatu mpya, mpira wa mkojo, na madhara yanayotokana na matibabu yenyewe.

Nilisoma orodha hizo mezani kwetu Sekei, asubuhi, mlima ukiwa wazi hadi kileleni na magari yakishuka kuelekea Mount Meru Hotel. Nikachukua kalamu nikamhesabia babu.

Miaka: 78. Macho: bila miwani haoni sura ya mtu aliye hatua tatu mbele yake, na miwani ilikuwa juu ya kabati. Maji: hakunywa tangu saa mbili usiku, upasuaji ulipangwa asubuhi, dharura zikaingia, akapelekwa chumba cha upasuaji saa tisa alasiri. Ni saa 19. Tungeweza kumuuliza nesi kama anaruhusiwa maji kidogo baada ya ratiba kubadilika. Hatukuuliza, tuliona aibu kusumbua. Dawa: kwa miaka miwili babu alikuwa anakunywa kila usiku vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, klofeniramini, kwa sababu vinamletea usingizi. Vinauzwa kila duka la dawa na hakuna nyumbani aliyevihesabu kuwa dawa. Kwa mzee, vidonge vya aina hiyo vinaweza kuvuruga kumbukumbu na fahamu, na madaktari wa wazee huwaonya watu wavikwepe. Kumbukumbu: mwaka uliotangulia alikuwa ameanza kuuliza swali moja mara tatu, nasi tulicheka tukasema ni uzee. Mpira wa mkojo: upo. Kufungwa mikono: nilisaidia.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa laana. Na karibu yote tuliyajua sisi, wala si daktari.

Inafaa niseme pia kwamba kazi hii imeshafanyika jirani yetu. Wilaya ya Hai, mwendo mfupi ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipima watu zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea, na mwaka 2013 wakachapisha kwamba, baada ya kuzingatia umri, kama 6.4 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wazee wengi wa vijijini hawakusoma, kwa hiyo kuwaambia wachore saa kwenye karatasi ni kuwaonea. Watafiti walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu: mzee anaulizwa daraja ni kitu gani, kiongozi wa kijiji ni nani, ataje wanyama, na apange njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Kumbukumbu iliyopungua ni mojawapo ya vihatarishi vikubwa vya kuweweseka baada ya upasuaji. Njiti nne za kiberiti, kabla ya kisu, zingeweza kutuambia kwamba babu anahitaji mtu wa kukaa naye usiku na mchana, tena mtu asiye na daftari.

Miezi mitatu baadaye, babu akiwa na nguvu, nilimwonyesha kurasa zangu 11. Niliona ni haki yake. Nilimsomea kuhusu zizi, moto na ndama. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mama, sisi hatukuwa na ndama," alisema. "Ng'ombe walikuwa wa baba mkubwa, na walishaondolewa kabla ya askari kuja."

Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu usiku ule wa hospitali. Nilidhani atasema hakumbuki kitu. Alisema aliona watu wamevaa nguo nyeupe, hawana nyuso, wamesimama miguuni pake. Alisikia mmoja akisema ashikwe. Akajua wamekuja kumtoa nyumbani. "Halafu wewe ukanishika mikono wakanifunga. Nilikutambua kwa sauti. Nikasema, hata huyu yuko pamoja nao."

Sikuwa na jibu. Watu wasio na nyuso walikuwa nesi na mimi na mzee wa kitanda cha jirani, tulivyoonekana kwa macho yasiyo na miwani.

Nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema nesi yule alikuwa peke yake na usiku ulikuwa mrefu. Kisha akaongeza, "Ukitaka ya Engare Nanyuki, niulize nikiwa nimevaa miwani."

Mwaka uliofuata alirudi hospitali kurudishiwa utumbo uliokuwa umetolewa nje ya tumbo. Kuna utafiti mwingine wa Inouye, wa 1999, kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na kuendelea, ambao haukutumia dawa yoyote mpya. Wagonjwa walipewa miwani yao na vifaa vya kusikia, walinyweshwa maji, walitembezwa, walikumbushwa siku na mahali walipo, na waliachwa walale usiku bila kelele. Walioweweseka walipungua kutoka 15 kati ya kila 100 hadi wasiozidi 10. Hicho ndicho tulichokibeba safari hii. Vidonge vya njano alikuwa ameshaviacha kwa ushauri wa daktari. Tuliandika dawa zake zote kwenye karatasi moja. Baba mdogo, aliyekuwa amesikia laana, alileta kalenda ya ukutani na saa ya mezani. Tuligawana zamu, na kila aliyeingia alianza kwa kusema jina lake na siku ya juma. Miwani tuliifunga kamba, ikaning'inia shingoni mwake. Alipotoka chumba cha upasuaji tulimvisha kabla hajafumbua macho vizuri.

Jioni ya pili alichanganyikiwa kidogo. Aliuliza mara mbili kama mbuzi wamerudi. Shangazi akamjibu kwa sauti ya chini kwamba leo ni Alhamisi, yuko hospitali, na mbuzi wako Sekei na wamekula. Babu alimtazama usoni kwa muda. "Alhamisi," alisema, akalala. Hakuna aliyemshika mikono.

Zile kurasa 11 hazimo kwenye tasnifu yangu. Mahali pake pana mahojiano ya saa mbili tuliyofanya kibarazani, mchana, babu akiwa ameshakunywa chai na miwani iko puani. Hakuna moto mwingi ndani yake. Kuna safari ndefu ya miguu kwenda Kingori, kiu, na mama yake akigawa maji kwa kikombe kimoja.